Kifo Kina Matanga, Dhiki Nyingine Hazina

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitoa uamuzi ambao huku kwetu Pwani haukuzungumzwa sana. Alisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume na Katiba. Miongoni mwa waliopeleka kesi hiyo ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu na chama cha madaktari wa maradhi ya akili. Kabla ya hapo, mtu akishaokolewa aliweza kutolewa kitandani hospitali akapelekwa kizimbani, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka 2, au faini, au vyote viwili. Si ajabu familia nyingi zilificha na kusema ilikuwa ajali.

Nimewasikia baadhi ya ndugu zetu Waislamu wakinung'unika: je, sasa mahakama imeihalalisha haramu? La hasha. Jaji hakusema kujiua ni jambo jema. Alisema mgonjwa hatibiwi kwa pingu. Na fiqhi yetu yenyewe haimhesabu aliyeondokewa na akili sawasawa na mwenye akili timamu, kwa hivyo sioni ubishi uko wapi.

Mimi linanishughulisha jambo jingine. Pingu zimeondolewa, alhamdulillahi. Lakini mtu aliyeelemewa na mawazo hadi usiku haumpiti, aende wapi? Akae na nani? Aanze vipi kusema? Jawabu mojawapo nimeliona mahali ambapo Wapwani wengi hatukutarajia kwenda kujifunza lolote: Kibera na Kawangware, mitaa ya mabanda ya Nairobi.

Msomaji atauliza, Kibera na sisi wapi na wapi? Kibera si ugeni kwetu. Waliouanzisha mtaa ule ni Wanubi, askari wa King's African Rifles na familia zao, Waislamu wasemao Kiswahili, waliokuwa wakiuita Kibra, yaani msitu. Walipigania ardhi yao zaidi ya karne, hadi mwaka 2017 walipopewa hati ya ekari 288. Ukienda Makina leo utasikia adhana, utakula mahamri, na utawakuta watoto wa Mombasa, Malindi na Lamu waliokwenda kutafuta. Nina jamaa zangu huko na wengine Kawangware, na kila nikipanda Nairobi kwa shughuli hupita kuwasalimu.

Wakaao kule wana sababu zote za kuelemewa. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakalala nje, wakiwemo watoto ambao shule zao zilibomolewa siku hiyo hiyo. Kawangware iliungua mwishoni mwa Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, majirani wa miaka mingi wakageukiana kwa kabila. Juu ya hayo kuna ya kila mwezi: kodi ya nyumba, mwenye nyumba anayetia kufuli lake mlangoni, kibarua kinachopatikana leo na kesho hakipo.

Kuna jambo moja kuhusu nyumba za kule ambalo halikunitoka akilini. Ukuta ni mabati au udongo. Jirani anamsikia mtoto wako akikohoa, anajua mmepika nini, anajua mmegombana saa ngapi. Mtu angedhani penye msongamano kama huo hakuna siri. Kumbe ndiyo siri huzidi kufichwa, kwa sababu mtu akijua anasikika hujifunza kulia bila sauti. Wanaokusikia wako kumi, anayekusikiliza hayupo hata mmoja.

Sasa tazama kilichofanyika Kawangware na pambizo zake. Shirika la Afya Duniani lilitunga utaratibu wa mazungumzo matano tu, mara moja kwa wiki, kwa mtu mwenye dhiki. Wakaujaribu Dagoretti, upande ule wa Nairobi wenye Kawangware, kwa wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili mikononi mwa waume au wanaume wengine. Waliokaa nao hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya ya jamii, wanawake wa mtaa ule ule, waliopewa mafunzo ya muda mfupi na wakasimamiwa kwa karibu. Matokeo yalichapishwa 2017: waliopata mazungumzo hayo walipungukiwa dhiki zaidi kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida ya wauguzi. Nafuu hiyo ilikuwa ya wastani, si miujiza, na mimi naiamini zaidi kwa sababu hiyo.

Mambo waliyofundishwa ni manne, na hakuna hata moja linalohitaji digrii. Kwanza kupumua taratibu ili mwili utulie. Pili, kuyachambua matatizo, kuliweka kando lisilo na dawa leo na kulishika moja linalotatulika. Tatu, kurudia shughuli kidogo kidogo, hata kama ni kufua nguo mbili tu, maana huzuni humnyang'anya mtu kazi zake na kukosa kazi kunaizidisha huzuni. Nne, kutafuta watu wa kuegemea. Na mhudumu alikatazwa jambo moja ambalo sisi watu wa Pwani lingetushinda mara moja: asitoe nasaha. Amsaidie mwenzake afikirie, asimfikirie.

Hebu jiulize, lini mara ya mwisho mtu alikuja kwako na donda la moyo, ukanyamaza? Sisi ni mabingwa wa nasaha. Mtu hajamaliza sentensi ya pili tumeshamwambia avute subira, asome nyiradi kadha, wenzake wana makubwa kuliko hayo, na fulani bin fulani yalimpata zaidi na leo ana gari. Tunadhani tunamfariji. Yeye amesikia jambo moja tu, kwamba hapa si mahali pa kusema. Subira ni haki na nyiradi ni haki. Hata hivyo Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, alimlilia mwanawe hadi macho yakapofuka, na hakuna aliyethubutu kusema imani yake ilikuwa pungufu.

Kibera nako lilijaribiwa jambo kwa vijana. Kundi la watafiti, mmoja wao Mkenya Tom Osborn, liliunda mpango uitwao Shamiri, neno letu wenyewe la Kiswahili. Jaribio lao la mwanzo lilikuwa na wanafunzi 51 wa sekondari huko Kibera. Wanafunzi walikaa vikundi vikundi, saa moja kwa wiki, kwa wiki 4, wakiongozwa na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi juzi. Hawakuambiwa kwamba wana ugonjwa wa akili. Walizungumza kuhusu mtu kuweza kubadilika, kuhusu shukrani, na kuhusu yale wanayoyathamini maishani. Walipopimwa baadaye, huzuni na wasiwasi vilikuwa vimepungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Mpango ukarudiwa kwa wanafunzi 413, na matokeo yaliyochapishwa 2021 yakaelekea upande ule ule.

Hapo kwenye kutowaambia nataka tupakawilie kidogo. Redioni tunasikia "unyogovu", Watanzania wanasema "sonona", wataalamu wana maneno yao. Sokoni Kongowea hakuna anayesema ana unyogovu. Mtu husema ana mawazo, au moyo mzito, au amechoka, au kichwa hakitulii. Ukimfungulia mlango kwa jina la ugonjwa ataukimbia, kwa sababu jina la maradhi ya akili kwetu bado ni tusi. Nairobi mtu akitaka kumdhihaki mwenzake humwambia ametoroka Mathari, hospitali iliyoanzishwa na wakoloni 1910. Huku kwetu hutajwa Port Reitz, na watu wakacheka. Uganda walilielewa hili mapema. Watafiti kabla ya kutibu chochote waliwauliza wanavijiji wa kusini magharibi hali hiyo wanaiita nini, na mojawapo ya majina waliyopewa ya Kiganda lina maana ya mtu kujichukia. Wakatumia maneno ya wenyeji.

Na matokeo ya Uganda ndiyo yanayonishangaza hadi leo. Vijiji 30, vya wanaume peke yao na vya wanawake peke yao, vikundi vikikutana kila wiki kwa wiki 16, viongozi wake wakiwa watu wa kawaida waliofunzwa wiki 2. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 80 ya waliochaguliwa pande zote mbili walikuwa na huzuni iliyofikia kiwango cha ugonjwa. Mwishoni, katika vikundi walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walibaki asilimia 54.7. Wanaume na wanawake kukaa mbalimbali, jambo ambalo wengine hutuona tumepitwa na wakati tukilisema, ndilo lililowafaa watu kusema ya moyoni.

Zimbabwe nao wana mabenchi. Daktari Dixon Chibanda alianza 2006 mtaa wa Mbare, Harare, na bibi 14, kila mmoja akikaa benchi nje ya zahanati akimsikiliza anayekuja. Utaratibu huo umeshafika hata Zanzibar. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Benchi nje ya nyumba, mtu anakaa, mwenzake anakaa kando yake, wanazungumza: si baraza hilo? Sisi tulikuwa nayo kabla Harare haijajengwa.

Baraza tunazo. Tatizo ni zinavyotumika. Baraza ya wanaume ya Mombasa ina kahawa chungu, ina kashata, ina dama na bao, ina siasa kutoka ikulu mpaka Gaza. Yote yanasemwa isipokuwa la aliyekaa. Mzee anaweza kuja barazani kila alasiri kwa miaka 20, na siku akiugua ndipo wenzake wanapojua alikuwa hana usingizi tangu mwanawe aingie kwenye unga. Kwa wanawake mambo ni nafuu kidogo, wana chama, wana ngoma, wana kusukana. Hata hivyo nako kuna mipaka, na mpaka mkubwa unaitwa sitara.

Sitara siidharau. Mtu kustiri aibu ya nyumba yake ni adabu, na kumstiri mwenzako ni thawabu. Nakataa tu pale sitara inapogeuzwa kufuli. Msichana amerudi kutoka Ghuba baada ya kufanyishwa kazi usiku na mchana, pasipoti imeshikwa na tajiri, pengine na mengine yasiyotamkika. Anapokelewa kwa pilau, anaulizwa zawadi ziko wapi. Akianza kuzungumza usingizini, mama anafunga dirisha majirani wasisikie. Nani amestiriwa hapo? Siye yeye.

Tena tunajua kukaa na mwenye huzuni. Tunajua sana. Mtu akifiwa tunajaa nyumbani kwake, tunaketi naye siku tatu, tunapika, tunasoma khitma, hatumwachi peke yake hata kwenda msalani. Mjane akikaa eda ya miezi 4 na siku 10, wanawake hupeana zamu kwenda kumtazama, na wengi wanaokwenda hawasemi la maana, wanakaa tu wakichambua mchele. Hicho ni kikundi cha kusikilizana, kina ratiba yake na adabu zake, na hakikusubiri mradi wa wafadhili. Ila tumekiwekea kifo peke yake. Kifo kina matanga. Talaka haina, kufutwa kazi bandarini hakuna, mtoto kuingia kwenye unga hakuna. Aliyemzika mamake anatembelewa na mtaa mzima. Anayemtafuta mwanawe aliyetekwa na watu wasiojulikana, na mitaa yetu ina wazazi kama hao, watu humpita kando kwa kuogopa. Na Kilifi, baada ya msitu wa Shakahola kutoa maiti zaidi ya 400 kuanzia Aprili 2023, kuna walionusurika na kuna waliochimba. Nani huketi nao?

Wengine wataniambia wenye shida waende hospitali. Sawa, hospitali ipi? Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya 2017 ilikuta kwamba kati ya hospitali 284 za daraja la nne kwenda juu, zilizotoa huduma za afya ya akili zilikuwa 29. Jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza 2020 kwamba afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa 2022, na kaunti zikapewa wajibu wake. Karatasi tunazo.

Nisieleweke vibaya lakini. Kikundi cha kusikilizana hakichukui nafasi ya dawa. Mtu anayesikia sauti, anayeona watu wasiokuwepo, au aliyekwisha kusema anataka kufa, huyo anahitaji mtaalamu, na haraka, wala si aibu kumuuliza waziwazi kama ana fikra za kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo kichwani, humpa nafasi ya kulitua. Nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na Befrienders Kenya hupatikana kwa 0722 178 177. Tena asiachwe peke yake wakati mnasubiri. Na anayedhani ni jini, akasomewe kama anavyoamini, lakini dawa za hospitali zisisimamishwe kwa sababu ya kombe. Abu Zayd al-Balkhi aliandika zaidi ya miaka 1,000 iliyopita juu ya kuutunza mwili na nafsi pamoja, na alikuwa Mwislamu kama sisi.

Kuna ila nyingine, na hii ni ya haki. Vikundi vingi vya Kibera na Kawangware huanza na mradi na hufa na mradi. Fedha zikiisha, mwezeshaji huondoka na chai huondoka, na waliokwisha kufungua vifua vyao hubaki wakitazamana. Wahudumu wa afya ya jamii, wale karibu laki moja ambao serikali iliwazindua Septemba 2023, posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, na mara nyingi tunasikia wakilalamika kuwa imechelewa. Huyo huyo ndiye tunayemtaka abebe machozi ya nyumba 100. Naye machozi yake atayapeleka wapi? Vile vinavyodumu, kwa nilivyoona, ni vile vilivyofungwa kwenye jambo jingine ambalo watu wangelifanya hata bila mfadhili: kuzungushiana pesa, kushona, kuuza mboga. Mtu anakuja kwa ajili ya mzunguko wa Jumamosi na anabaki kwa ajili ya mazungumzo. Hata majirani hawana la kunong'ona, kwani anakwenda chamani tu.

Kwetu mlango huo uko wazi. Chama cha akina mama kingeweza kutenga nusu saa kabla ya pesa kutolewa. Madrasa ya watu wazima ingeweza. Baraza ingeweza, kwa wazee wawili watatu wenye vifua vya kuhifadhi. Sharti la kwanza ni yanayosemwa pale yabaki pale, na hilo wala si geni, tumefunzwa tangu utotoni kwamba maneno ya kikao ni amana. Anayeyatoa nje aambiwe asirudi, hata akiwa binamu wa mwenyekiti. Sharti la pili ni kutolazimishana. Kuna mtu atakuja wiki tano asiseme kitu, na hiyo ni sawa, kwani kule kukaa kimya na wengine tayari kunamfaa. Nilimsikia mama mmoja wa Kawangware akimwambia mgeni aliyeona haya: "Wewe kaa tu mwanangu, chai si lazima uilipe kwa hadithi."

Na kuna kitu kidogo katika lugha yetu kinachoweza kutusaidia. Maamkizi yetu hayakubali jibu baya. Hujambo, sijambo. Habari, nzuri. Hata mwenye maiti ndani atajibu nzuri. Halafu anaongeza: "Nzuri, ila..." Hapo kwenye "ila" ndipo habari ilipo. Wengi wetu huikanyaga tukipita, kwa haraka ya kwenda kuuliza bei ya samaki. Anayetaka kuanza kumsikiliza mwenzake hahitaji kozi. Aisubiri "ila", na ikija aiulize tena kwa sauti ya chini: "Ila nini, ndugu yangu?" Kisha anyamaze.

Upande wa serikali, makadirio ya bajeti za kaunti hupelekwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na umma una haki ya kusikizwa kabla hayajapitishwa. Kwenye vikao hivyo tumezoea kudai barabara, taa na basari. Safari hii nitakwenda, inshallah, na swali langu litakuwa hili: katika fungu la afya, kuna shilingi ngapi za kuwafunza wahudumu wetu wa afya ya jamii kusikiliza, na posho yao italipwa tarehe ngapi?